Aliambiwa ni rahani, karatasi ikasema ameuza

Bi mkubwa alifika Jumatatu asubuhi, mlango wetu haujafunguka vizuri, amebeba mfuko alioufunika kwa leso. Mfukoni mlikuwa na barua ya wakili, kitambulisho, risiti za kodi ya kaunti na daftari la shule la kurasa 32. Barua ilimpa siku 14 aihame nyumba yake ya Kisauni. Akaketi, akashusha pumzi. "Mwanangu, mimi sikuuza nyumba. N'liweka rahani. Muulizeni mwenyewe, yu hai."

Mimi ni msaidizi wa sheria, si wakili. Kazi yangu ni kusikiliza, kupanga karatasi na kumfikisha mtu kwa wakili akiwa na maneno yaliyonyooka. Kisa hiki nakieleza bila jina la mtu, na alama chache nimezibadilisha ili mwenyewe asitambulike. Nimekichagua kwa sababu watu wengi hapa Mombasa hupoteza kesi kama hii kwa kushindana na saini. Wanaapa hawakutia saini, kumbe walitia. Swali lenye uzito liko nyuma ya saini: nani alimfikisha mezani, alimwambia nini njiani, na nani mwingine alikuwako wa kumwambia vinginevyo?

Bi mkubwa ana miaka 71. Marehemu mumewe alikuwa kuli wa bandari ya Kilindini, na kiwanja alikiandikisha kwa jina la mkewe tangu siku ya kununua. (Hilo lilituepusha na mengi. Kingekuwa kwa jina la marehemu kingekuwa mirathi, watoto wangekuwa na mafungu yao, na tungekuwa na kesi nyingine kabisa.) Nyumba ni ya Kiswahili: vyumba 6, ukumbi katikati, ua nyuma. Vyumba 4 vimepangishwa. Kila alfajiri huketi barazani na karai lake, akiuza mahamri na mbaazi kwa watu wanaokimbilia matatu za kuvuka daraja la Nyali.

Jirani mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi alikuwa rafiki wa marehemu. Baada ya matanga ndiye aliyeshika usukani. Mpangaji akisumbua, yeye ndiye aliyekwenda kumkabili. Kodi ya kaunti alitumwa akalipe, na risiti alileta. Hati miliki aliichukua akaiweka katika sefu ya dukani, isije ikaliwa na mchwa. Alimwita bi mkubwa "mamangu", naye akamwita "mwanangu". Hayo yanaweza kuonekana ni mambo ya ujirani tu, lakini kisheria yalikuwa na nguvu kuliko hata bei ya nyumba. Nitayarudia.

Kijana wake wa mwisho, fundi rangi, alianguka kutoka jukwaani akavunjika nyonga. Upasuaji ulitaka laki tatu na nusu. Bi mkubwa alikwenda kwa jirani, na jirani hakusita. Alilipa 350,000 moja kwa moja hospitalini, akampa mama 50,000 mkononi za dawa na nauli. Masharti yaliwekwa kwa mdomo pale dukani, baina ya mifuko ya saruji: atarudisha laki sita, elfu 15 kila mwezi, na nyumba iwe rahani. "Twende kwa wakili, mamangu, tukaandikishe rahani."

Ofisi ilikuwa ghorofani, katikati ya mji. Bi mkubwa anakumbuka ngazi, kwa sababu ya magoti. Karani alitandaza mezani karatasi 6 za Kiingereza, akasogeza kidau cha wino. "Hii ni ile ya nyumba, mama. Weka kidole hapa. Na hapa. Na hapa." Aliweka mara 9. Wakili alitokeza mlangoni, akauliza, "Mama, umekubali?" Akajibu, "Nimekubali." Wakili akarudi ndani. Kwa hesabu yake mwenyewe hawakukaa dakika 10. Hapakuwa na kitambaa cha kufutia mikono, akajifuta kwa pindo la leso. Leso hiyo ndiyo aliyokuja nayo kwetu, na doa la zambarau bado liko, ukubwa wa punje ya mbaazi.

Karatasi ilikuwa mkataba wa mauzo. Bei shilingi 900,000, na muuzaji anakiri amekwisha pokea zote. Nyuma yake palikuwa na fomu ya kuhamisha umiliki, nayo ina kidole. Wiki 6 baadaye hati ilisomeka kwa jina la jirani, wakati bi mkubwa hajakosa hata mwezi mmoja wa malipo. Hakuambiwa. Aliendelea kulipa miezi 14, jumla 210,000. Kisha kijana akarudishwa hospitalini kutolewa chuma, ikapita miezi 3 bila malipo, ndipo barua ikaja.

Mpwa wake, kijana mwenye hasira na mapenzi, alitaka twende polisi siku ile ile tuseme saini imeghushiwa. Nilikaa naye karibu saa nzima. Kidole ni cha shangazi yake. Mtaalamu wa alama za vidole angesema hivyo kwa dakika tano, na baada ya hapo hakuna neno la bi mkubwa ambalo lingeaminiwa. Tena, kudai ulaghai mbele ya mahakama za kwetu ni mzigo mzito. Tangu kesi ya R. G. Patel dhidi ya Lalji Makanji, ya mwaka 1957 katika mahakama ya rufani ya Afrika Mashariki, anayedai ulaghai hutakiwa kuthibitisha zaidi ya mizani ya kawaida ya kesi za madai, ingawa si mpaka kiwango cha jinai. Na lazima aueleze kipengele kwa kipengele katika hati ya madai. Neno "alinilaghai" peke yake halitoshi.

Upande wa pili nao una ngome yake. Mwaka 2001, katika kesi ya National Bank of Kenya dhidi ya Pipeplastic Samkolit, Mahakama ya Rufani ilisema mahakama haiwaandikii watu mkataba mpya. Wanafungwa na ule waliouandika. Kila wakili wa mdaiwa huisoma hukumu hiyo. Lakini sentensi ile ile ina tundu: isipokuwa pakidaiwa na kuthibitishwa shuruti, ulaghai au ushawishi usiofaa. Sisi tulipitia tundu hilo, kwa neno la mwisho.

Sheria yenyewe inatoka wapi? Watu huuliza "kifungu gani kinasema hivyo", wakitarajia orodha. Kabla ya 1961 Kenya ilitumia Sheria ya Mikataba ya India ya 1872, ambayo kifungu chake cha 16 kinaeleza ushawishi usiofaa kwa maneno ya wazi: mmoja ana uwezo wa kuitawala nia ya mwenzake, akautumia kujipatia faida isiyo haki. Tanzania imeubakiza mfano huo katika sheria yake ya mikataba, na kifungu ni 16 vile vile. Kenya ilikwenda njia nyingine. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 23, inasema tu kwamba tutafuata sheria ya kawaida ya Uingereza (common law) juu ya mikataba, ikirekebishwa na kanuni za insafu, yaani za haki (equity). Ndiyo maana kesi ya mwanamke wa Kisauni inaongozwa na hukumu za London, na nyingine za mbali zaidi.

Hukumu niliyompelekea wakili wetu kwanza ilitoka Singapore. Inche Noriah dhidi ya Shaik Allie bin Omar, imo katika ripoti za 1929, na iliamuliwa na Baraza la Faragha la London, lile lile lililokuwa ngazi ya mwisho ya rufaa kwa Kenya enzi hizo. Bibi mzee wa Kimalei, asiyejua kusoma, alimpa mpwa wake milki zake kwa hati. Mpwa ndiye aliyekuwa akimwendeshea mambo yake. Na wakili alikuwapo! Wakili mwaminifu, asiye wa mpwa, aliyemweleza bibi hati ile na kumuuliza kama anafanya kwa hiari yake. Hata hivyo hati ilibatilishwa. Wakili hakujua kwamba bibi anatoa karibu kila alicho nacho, na hakumwambia kuwa angeweza kumfaa mpwa wake kwa wasia, huku akibaki na mali yake maisha yake yote.

Niliposoma hayo nilikumbuka lile "Mama, umekubali?" la mlangoni. Wakili wa Singapore alifanya kazi kubwa mara kumi kuliko yule wa ghorofani, na bado haikutosha. Huyu wa ghorofani alikuwa wakili wa mnunuzi, amelipwa na mnunuzi, hakujua habari ya deni, hakuuliza nyumba ina thamani gani, hakuuliza mama atalala wapi. Swali lake lilikuwa la Kiswahili, na karatasi ilikuwa ya Kiingereza.

Kanuni inafanya kazi hivi. Ukionyesha mambo mawili, mzigo unahama kutoka begani mwako. La kwanza, kwamba mmoja alimtegemea na kumwamini mwenzake katika mambo yake ya mali. La pili, kwamba biashara yenyewe inataka maelezo, haieleweki kwa udugu wala ujirani wa kawaida. Hapo mahakama huchukulia kwamba nia ya yule dhaifu ilitawaliwa, na ni mwenye nguvu atakayethibitisha kinyume. Njia yake ya kawaida ya kuthibitisha ni kuonyesha kwamba alimpa mwenzake nafasi ya kushauriwa na mtu asiye na upande, anayejua habari yote. Ndiyo maana nilisema yale ya sefu, risiti na wapangaji yashikwe. Jirani aliyekabidhiwa hati ya nyumba aihifadhi si mnunuzi wa kawaida anayeipata nyumba hiyo hiyo kwa robo ya thamani.

Thamani tuliipata mahali ambapo watu husahau kutazama. Ardhi ya mjini haihamishwi bila ushuru wa stempu, asilimia 4, na kabla ya kukadiria ushuru huo mthamini wa serikali huitazama mali. Faili lilikuwako. Mthamini aliandika 3,600,000. Mnunuzi alilipa ushuru wa 144,000 juu ya nyumba aliyodai kuinunua kwa laki tisa, akajua kwa maandishi ya serikali kwamba ina thamani ya mara 4 ya bei hiyo. Mthamini wetu binafsi alisema milioni 4 na nusu, lakini karatasi ya serikali ndiyo tuliyoitanguliza.

Bei ya chini peke yake haimtoi mtu. Nalisisitiza kwa sababu nasikia wengi wakidhani hivyo. Mtu mzima anaweza kuuza rahisi kwa sababu zake, na mahakama haitamuuliza. Kesi ya zamani ya Fry dhidi ya Lane, ya 1888, ndiyo iliyoweka masharti 3 pamoja: muuzaji awe maskini na asiye na elimu ya jambo lile, bei iwe ya chini sana, na asiwe na mshauri wake mwenyewe. Waliouza walikuwa ndugu wawili, dobi na msaidizi wa fundi mabomba, na wakili alikuwa mmoja kwa pande zote mbili. Miaka mingi baadaye, katika Cresswell dhidi ya Potter, jaji alieleza kwamba umaskini na ujinga unaotajwa pale si lazima uwe wa kupindukia. Kipato kidogo na elimu ndogo kwa jambo la aina ile vinatosha.

Kuhusu elimu nilikuwa na wasiwasi wa aina yangu. Sikupenda bi mkubwa aingizwe mahakamani kama "mama asiyejua kusoma". Anajua. Alisoma chuoni kwa maalimu, anasoma Qurani, na anaandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kama walivyoandika wazee wake. Kitambulisho chake cha taifa kina saini, jina lake kwa herufi hizo hizo. Kwa nini basi mkataba una vidole 9 na hauna saini hata moja? Hakuna aliyemuuliza kama anaandika. Kwetu hilo lilikuwa bora kuliko kumwita mjinga: mwanamke mwenye elimu yake aliwekewa lugha asiyoisoma na hati asizozijua, kisha akashughulikiwa kana kwamba hana elimu yoyote.

Na elimu hiyo ndiyo iliyotuletea ushahidi mkubwa. Lile daftari la kurasa 32. Ukurasa wa kwanza, juu, kwa wino wa buluu, kutoka kulia kwenda kushoto: "deni la nyumba". Chini yake mistari 14. Tarehe zote ni za miezi ya kwetu: Rajabu, Shaabani, Ramadhani, Mfungo Mosi, Mfungo Pili, na kuendelea. Kila mstari una kiasi, na pembeni alama ndogo ya kupokelewa. Mwalimu wa madrasa alituandikia maneno yale kwa herufi za Kilatini akaapa kwa hati ya kiapo, nasi tukakaa alasiri nzima tukilinganisha miezi ya mwandamo na taarifa ya M-Pesa. Malipo 14 katika daftari, malipo 14 katika simu. Hakuna hata moja lililopotea.

Baada ya malipo ya 9, jirani alijibu kwa ujumbe mfupi: "Nimepata mamangu shukran. Bado 465." Laki sita ukitoa 135,000 ni 465,000. Ujumbe huo aliutuma miezi mingi baada ya hati kusomeka jina lake. Mnunuzi aliyekwisha lipa na kuandikishwa alikuwa akimhesabia muuzaji deni lililobaki. (Anayeleta ujumbe wa simu mahakamani akumbuke cheti kinachotakiwa na Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, kueleza umetolewaje kwenye chombo. Nimeona ujumbe mzuri ukikataliwa kwa kukosa karatasi hiyo moja.)

Jibu la upande wa pili lilikuwa kwamba zile elfu 15 ni pango. Mama aliuza, akabaki kama mpangaji. Ni jibu la akili, na kama kusingekuwa na ujumbe ule lingetutesa. Lakini pango halipungui mpaka likaisha. Hakuna aliyeleta mkataba wa kupanga. Wapangaji wa vile vyumba 4 waliendelea kumlipa bi mkubwa, na kodi ya kaunti ilitoka mfukoni mwake. Sheria ya ushahidi haikubali kirahisi maneno ya mdomo kupinga maandishi, ila inaruhusu kuthibitisha jambo linaloibatilisha hati yenyewe.

Bi mkubwa mwanzoni alitaka kwenda kwa Kadhi. Nilimwelewa, maana jirani naye ni mtu wa msikitini, na aliona haya kumpeleka penginepo. Lakini Katiba, ibara ya 170, imemwekea Kadhi mipaka: hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, baina ya Waislamu waliokubali. Mkataba wa ardhi hauimo. Hata hivyo fikra yake haikuwa mbali na jambo. Mwambao huu umeujua tangu zamani mtindo wa bei khiyari: mtu anauza kwa sharti kwamba akirudisha fedha kwa muda fulani mali yake inamrudia. Zanzibar wenye mashamba ya karafuu walikopa kwa mtindo huo. Neno riba halitajwi, karatasi ni ya mauzo, na mkopo umejificha ndani. Laki nne zinazorudi laki sita zilikuwa riba, na karatasi ya mauzo iliwaepusha wote wawili kulitamka neno hilo.

Kanuni za insafu zina jibu kwa hilo nazo: kilichokuwa rahani hubaki rahani, hata kikivishwa jina gani. Tofauti yake si ndogo. Nyumba ikiwekwa rahani kwa utaratibu wa Sheria ya Ardhi ya 2012, mdai hawezi kuamka akaichukua. Kuna ilani ya kukosa kulipa, miezi 3. Kuna ilani ya kuuza, siku 40. Kuna wajibu wa kupata bei nzuri inayopatikana. Zaidi ya deni ni mali ya mwenye nyumba. Mkataba wa mauzo uliyafuta yote hayo kwa vidole 9.

Wapo waliotushauri tuegemee kanuni pana zaidi, kwamba mkataba baina ya mwenye nguvu na mnyonge uvunjwe kwa sababu nguvu hazikulingana. Kanuni hiyo ina historia ya kuvutia. Jaji Lord Denning wa Uingereza aliijenga mwaka 1974 katika Lloyds Bank dhidi ya Bundy, kesi ya mkulima mzee aliyeiweka nyumba yake dhamana kwa madeni ya kampuni ya mwanawe, meneja msaidizi wa benki akimletea karatasi hadi nyumbani. Mzee alishinda. Lakini majaji wenzake wawili walifika huko kwa njia ya ushawishi usiofaa, na mwaka 1985, katika National Westminster Bank dhidi ya Morgan, Nyumba ya Mabwana (House of Lords), mahakama ya juu ya Uingereza wakati huo, ilikataa kuikubali kanuni hiyo pana. Binafsi natamani ingekubaliwa. Asilimia kubwa ya mikataba ninayoiona mezani petu imeandikwa na mmoja na kutiwa saini na mwingine. Ila huwezi kuipeleka nyumba ya mama wa miaka 71 juu ya kanuni ambayo mpinzani ataivunja kwa aya moja. Niliona afadhali Mahakama Kuu ya Australia katika kesi ya Amadio, 1983: wazazi wazee wahamiaji kutoka Italia, Kiingereza chao kidogo, wakaweka dhamana wasiyoielewa ukubwa wake. Pale swali lilikuwa kama mwenye nguvu aliujua udhaifu ule na kuutumia. Jirani wetu aliujua. Ndiye aliyekuwa akiufidia miaka yote kwa kumfanyia kazi zake.

Kilichotukimbiza zaidi ya yote kilikuwa tetesi kwamba nyumba inatafutiwa mnunuzi mwingine. Hapa kuna kesi inayoniumiza kila nikiisoma. Mjane wa Kiingereza wa miaka 78, Bi Gallie, miwani yake imevunjika, alitia saini karatasi aliyoambiwa ni ya kumpa mpwa wake nyumba. Ilikuwa ya kumuuzia rafiki wa mpwa. Rafiki akaiweka rahani kwa chama cha mikopo ya nyumba, ambacho hakikujua lolote. Mwaka 1970 majaji wa Nyumba ya Mabwana walikilinda chama. Dhidi ya yule rafiki mama angeweza kushinda; dhidi ya mtu wa tatu asiye na hatia alichelewa. Ndiyo maana kabla ya kuandika madai kwa urefu tulipeleka zuio kwa msajili wa ardhi, kisha ombi la dharura katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa. Vigezo vya amri ya muda ni vile vya Giella dhidi ya Cassman Brown, 1973: kesi yenye mwelekeo wa kushinda, hasara isiyofidika kwa fedha, na mahakama ikiwa na shaka itazame ni upande upi utaumia zaidi. Amri ilitolewa.

(Ingekuwa Majengo, ambako wengi wana nyumba lakini ardhi ni ya mwingine wanayemlipa kodi ya ardhi, pasingekuwa na hati ya kuwekea zuio kwa namna hii. Nyumba bila ardhi ni somo la peke yake.)

Shida ya mwisho ya kisheria ilikuwa kifungu cha 26 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi. Aliyeandikishwa huchukuliwa kuwa ndiye mwenyewe, ila pakiwa na ulaghai au maelezo ya uongo aliyoshiriki, au hati ikipatikana isivyo halali, kinyume cha utaratibu au kwa ufisadi. Ushawishi usiofaa haukutajwa kwa jina. Kwa hiyo wakili wetu aliyaweka madai kwa tabaka: kwanza ushawishi usiofaa, na sambamba nao maelezo ya uongo, kwamba mama aliambiwa ni rahani akapewa mauzo. Ulaghai wenyewe aliuacha. Tulibishana juu ya hilo. Mimi nilitaka uwemo. Sasa naona alikuwa sahihi, kwani maneno "twende tukaandikishe rahani" na ule ujumbe wa "bado 465" vilitosha kubeba maelezo ya uongo bila kumpandisha mama mlima mrefu zaidi.

Haikufika hukumu. Pande mbili zilipopeana ushahidi na wakili wa jirani akaliona daftari na tafsiri yake, waliomba kuzungumza. Anayetaka insafu naye hutakiwa kuitenda: mkataba ukitanguka, mama hawezi kubaki na nyumba na fedha pia. Alipokea 400,000, amerudisha 210,000, inabaki 190,000. Hiyo ndiyo iliyokubaliwa, bila nyongeza, 10,000 kwa miezi 19. Jirani anairudisha hati kwa jina la mama na gharama za kuirudisha ni juu yake. Nilimsikia akisema ukumbini kwamba kama si yeye kijana asingetembea leo. Ni kweli, na bi mkubwa hajawahi kulikana hilo. Makubaliano yaliandikwa kwa lugha mbili, yakasomwa kwa Kiswahili aya kwa aya, na mama alisimamisha usomaji mara mbili kuuliza.

Mimi nilitaka hukumu. Makubaliano yanafunga wale wawili tu. Hayatamsaidia mama mwingine wa Likoni wala Changamwe atakayekuja na vidole vyake 9. Nilimwambia bi mkubwa hivyo, kwa upole. Aliniuliza hukumu itachukua muda gani. Nilimjibu huenda miaka. Akaniambia ana karai la kuweka motoni saa kumi alfajiri, na tayari amehesabu: miezi 19 ya mwandamo, itaishia Mfungo Tisa.